Maswali ya Wasomaji: Sifa za mashabiki, anayezisema ni nani?

SWALI

Shikamoo, Mwalimu. Sisi ni kikundi cha vijana wa Mtwara mjini, wengi wetu wa Shangani, Ligula na Chikongola, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiandika wiki ya Kiswahili, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe huandika na kuhariri kurasa zake, kuhusu michezo na burudani za mikoa ya kusini. Kila ukurasa wa timu au wa msanii una sehemu yenye kichwa "Sifa za Mashabiki". Sehemu hiyo tuliianzisha kwa nia njema, lakini sasa imegeuka jalala. Baadhi ya watu wamejaza humo mambo mazuri tu ya wenzao, baadhi wameweka kejeli, na wengine wameandika tukio moja la zamani kana kwamba linatokea kila Jumamosi. Tumejadiliana tukagawanyika. Wapo wanaotaka sehemu hiyo ifutwe katika kurasa zote. Wapo wanaosema kuifuta ni kuwaziba watu midomo. Wapo pia wanaopendekeza tuihamishie kwenye ukurasa wa pembeni wa maoni, kama wafanyavyo TV Tropes, wiki ya Kiingereza inayokusanya mbinu zinazojirudia katika hadithi na filamu, na mwenzetu mmoja amekwisha kutafsiri maelezo yao ili tuyatumie. Tunaomba utuambie sifa za mashabiki ni kitu gani hasa, na tusafishe vipi. Tunakunukulia ingizo moja kama lilivyo, bila kutaja timu, ambayo inacheza ligi ya mkoa:

"Mashabiki wa timu hii wana sifa ya fujo. Wengi ni walevi. Siku hizi wamebadilika kidogo. Hata hivyo si wote, wapo waungwana sana. Waongo nyie, mlipigwa tano mkaondoka uwanjani dakika ya sitini! Wanajulikana kwa ngoma yao na kwa kumlilia mwamuzi. Kila mtu anawajua."

Wahariri vijana, Mtwara

JIBU

Marahaba, wanangu. Nimelichapisha ingizo lenu kwenye karatasi, nikaenda nalo kijiweni kwenye kahawa, nikamsomea mzee mmoja bila kumwambia limetoka wapi. Alisikiliza kimya mpaka nilipofika kwenye "Waongo nyie", akanyanyua kikombe kunizuia, akauliza, "Hapo sasa anasema nani?" Mzee huyo hajawahi kufungua wiki maishani mwake, lakini sikio lake lilitambua kwamba msemaji amebadilika katikati ya aya. Swali lake ndilo nitakalowajibu nalo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu naamini ugomvi wenu wote umetokana na kuandika maneno yaliyokwisha kupotezewa wenyewe.

Kabla ya kugusa sentensi hata moja, tazameni kichwa cha habari. Neno "sifa" katika Kiswahili linabeba mizigo mitatu. Tangazo la kazi linaposema "sifa za mwombaji", linamaanisha vigezo, yaani mambo ambayo mtu anayo kweli na cheti chake kinaonyesha. Tunaposema fulani anapenda sifa, tunamaanisha anapenda kutukuzwa. Na tunaposema nyumba ile ina sifa mbaya mtaani, tunamaanisha jina, yaani namna watu wa nje wanavyoizungumzia, iwe ni kweli au si kweli. Nyinyi mlikusudia maana hii ya tatu, lakini kichwa chenu kimeziita zote tatu kwa pamoja. Kwa hiyo aliyeandika kwamba mashabiki wake ni wakarimu na wana umoja hakuvunja kanuni yoyote, alichukua maana ya pili. Aliyeandika kwamba ni walevi alichukua maana ya kwanza, akatoa cheti ambacho hakuna aliyekikagua. Msiwalaumu sana. Badilisheni kichwa kiwe "Mashabiki Wanavyosemwa", nanyi mtaona jinsi kauli ya kutendwa inavyofanya kazi yake: mtu akisoma "wanavyosemwa", ulimi wake wenyewe unadai "na nani?", na mwandishi asiyekuwa na jibu la "na nani" atajiona ameishiwa kabla hajaandika.

Baada ya kichwa, mnahitaji maana ambayo mhariri mgeni anaweza kuisoma mara moja akajua nini kinaingia na nini hakiingii. Mimi ningeiandika hivi: sifa ya kundi la mashabiki ni maoni yaliyoenea kwa watu walio nje ya kundi hilo, yanayolihusu kundi zima, yanayoendelea kutajwa hata baada ya jambo lililoyazaa kupita, na ambayo msomaji anaweza kuonyeshwa mahali yalipotajwa na mtu asiye na upande. Kila kipande cha maneno hayo nimekiweka ili kizuie kitu. "Walio nje" kunazuia watu kujisifu. "Kundi zima" kunazuia vijana watatu waliorusha chupa kugeuzwa kuwa uwanja mzima. "Yanayoendelea kutajwa" kunatenganisha sifa na tukio, maana tukio lina tarehe na mahali pake na linastahili kuandikwa kwenye historia ya timu, wakati sifa ni kile kilichobaki midomoni mwa watu baada ya tukio. Na mfano wa sifa iliyotimiza masharti yote si lazima uwe wa shari. Mashabiki wa Japani wanajulikana kwa kubaki jukwaani baada ya mechi wakiokota takataka na kuzitia kwenye mifuko. Vyombo vya habari vya nchi mbalimbali viliwaandika hivyo kwenye Kombe la Dunia la 2018 huko Urusi na tena kwenye lile la 2022 huko Qatar. Waliosema si Wajapani wenyewe, waliosemwa ni kundi na si mtu mmoja, na maneno hayo yamedumu kutoka mashindano hadi mashindano. Huo ndio uzito ambao ingizo lenu linapaswa kuufikia, hata kama timu yenu ni ya ligi ya mkoa.

Sasa tulisafishe ingizo lenu pamoja.

"Wana sifa ya fujo" ni sentensi inayoweza kuokolewa, ila kwa sasa ni ganda tupu. Fujo gani? Kurusha chupa, kuingia uwanjani, au kuimba nyimbo ambazo wenzao hawakuzipenda? Kwa timu za Ligi Kuu mnaweza kusoma maamuzi ya Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi, ile ambayo wengi huiita Kamati ya Saa 72, kwa kuwa adhabu zinazotokana na vitendo vya mashabiki hutangazwa pamoja na sababu zake. Kwa timu ya ligi ya mkoa itabidi mwende kwa chama cha soka cha mkoa au mtafute gazeti lililoandika. Lakini kumbukeni kwamba faini inathibitisha tukio, haithibitishi sifa. Ili iwe sifa, lazima mwonyeshe kwamba watu waliendelea kuwataja hivyo baadaye.

"Wengi ni walevi" itoke leo hii, msingoje kikao. Hiyo si sifa, ni shutuma, na hakuna aliyewahesabu.

"Siku hizi wamebadilika kidogo" nitairudia chini, maana kuna msomaji wa Nachingwea aliyeniuliza jambo hilohilo.

"Hata hivyo si wote" na "Waongo nyie" ndizo sentensi zilizonisikitisha kuliko zote, kwa sababu zinaonyesha jinsi ukurasa unavyokufa polepole. Mtu wa kwanza aliandika jambo asilolithibitisha. Wa pili hakukubaliana naye, lakini badala ya kulisahihisha au kuuliza kwenye ukurasa wa majadiliano, akaning'iniza sentensi yake chini ya ile ya mwenzake. Wa tatu akamjibu wa pili. Msomaji aliyetoka Songea kutafuta habari za timu amekuta watu wanazozana, na hajui yupi ndiye anayeandika kwa niaba ya ukurasa. Shikeni kanuni hii, ambayo wahariri wa wiki za namna hii wameishika kwa miaka mingi: sentensi yenye kosa hurekebishwa palepale ilipo, haijibiwi kwa sentensi nyingine. Majibizano yote yahamishiwe kwenye majadiliano, yakiwa na majina ya watumiaji na tarehe, kwa sababu kule yana faida.

Sentensi ya ngoma ndiyo mali pekee iliyomo humo, na mmeitupa katikati ya taka. Lakini nayo si sifa kwa maana tuliyoiweka. Ni utamaduni wa mashabiki wenyewe, na inastahili sehemu yake yenye picha, yenye kueleza ni ngoma gani, inapigwa na akina nani, imetoka mtaa gani, inaanza kabla ya mechi au timu inapokuwa nyuma, na nyimbo zake zinaimbwa kwa lugha gani. Hayo hakuna mtu wa Dar es Salaam wala wa Ulaya atakayewaandikia. Ningefurahi sana kama katika usafi huu wote mngetumia nusu ya nguvu zenu hapo.

"Kumlilia mwamuzi" kuondoke. Jambo ambalo kila kundi la mashabiki duniani hufanya haliwezi kuwa alama ya kundi moja. Na "Kila mtu anawajua" ni njia ya kusema hakuna mtu hata mmoja ninayeweza kumtaja.

Kama vyanzo vitapatikana, ingizo safi litakuwa fupi namna hii: katika ligi ya mkoa ya mwaka fulani, mashabiki wa timu walirusha chupa uwanjani katika mechi dhidi ya fulani, na chama cha mkoa kikaitoza timu faini, tangu hapo watangazaji wa michezo wa redio fulani wamekuwa wakiwataja kama mashabiki wa fujo, na uongozi wa tawi la mashabiki umelikanusha jina hilo. Humo mna aliyesema, waliosemwa, lini, kwa sababu gani, na waliosemwa wamejibu nini. Vyanzo visipopatikana, msiandike hata hilo, na ukurasa hautapungukiwa na kitu.

Najua mtu atanyoosha mkono aniambie kwamba wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ina mahali pake, lakini mhariri akiichukua kama kanuni ya kazi atawaumiza watu, na yupo mfano mkubwa wa kuthibitisha hivyo. Mei 29, 1985, kwenye uwanja wa Heysel huko Brussels, kabla ya fainali ya Kombe la Ulaya kati ya Liverpool na Juventus, mashabiki wa Liverpool waliwavamia wenzao, ukuta ukaanguka, na watu 39 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa Waitalia. Klabu za Uingereza zilifungiwa kushiriki mashindano ya Ulaya kwa miaka 5, Liverpool yenyewe 6. Hapo palikuwa na tukio, palikuwa na hukumu, na jina baya lilipatikana kwa sababu ya kweli. Kisha Aprili 15, 1989, kwenye uwanja wa Hillsborough huko Sheffield, katika nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Nottingham Forest, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uzio wa jukwaa, na jumla ya waliokufa kutokana na msongamano ule ilifikia 97. Ofisa wa polisi aliyesimamia mechi alidai kwamba mashabiki ndio waliovunja lango, ilhali lango hilo lilifunguliwa kwa amri ya polisi. Siku nne baadaye gazeti la The Sun lilichapisha kwenye ukurasa wake wa mbele kwamba mashabiki waliwaibia wahanga. Watu wengi waliamini, na kwa maoni yangu waliamini upesi kwa sababu jina la 1985 lilikuwa bado limoto. Familia zilihangaika kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2012 jopo huru lilionyesha kwamba lawama zile hazikuwa za haki, gazeti lenyewe likaomba radhi, na Aprili 2016 wazee wa baraza waliosikiliza uchunguzi mpya wa vifo walitamka kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mwenendo wa mashabiki haukuchangia maafa.

Fikirini ingekuwa mnaandika "Mashabiki Wanavyosemwa" mwaka 1990. Chanzo mngekuwa nacho, tena gazeti kubwa na kauli ya ofisa wa polisi. Mngeandika "mashabiki wa Liverpool waliwaibia maiti", mkaweka rejeo, mkajiona mmetimiza wajibu, kumbe mmeufanya ukurasa wenu uwe shahidi wa uongo. Lakini kama mngeandika "gazeti fulani, tarehe fulani, lilidai kwamba…, mashabiki walionusurika wamekanusha", sentensi hiyo ingekuwa kweli siku ile na ingekuwa kweli hata leo, na mwaka 2012 mngeongeza mstari mmoja tu. Ndiyo maana nawasihi msiishie kuuliza kama kuna chanzo. Ulizeni chanzo hicho kilikuwa mahali gani, kilijuaje, na waliosemwa walipewa nafasi ya kujibu au hapana.

Kwetu kuna jambo la ziada ambalo wenzetu wa nchi nyingine hawalifahamu, nalo ni utani. Simba, iliyoanzishwa 1936, na Yanga, iliyoanzishwa 1935, ni watani wa jadi, na mashabiki wao wamepeana majina ambayo kila mtoto wa Mtwara anayajua: huku Utopolo, kule Makolo, na mengine ya zamani zaidi. Mtani ana ruhusa ambayo mtu mwingine hana. Tumewaona watani wakiingia msibani, wakakaa juu ya jeneza wakidai chao, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka, kwa sababu wanajua anayefanya hivyo ni nani kwao. Ruhusa hiyo imo katika uhusiano, haimo katika maneno. Ukiyachukua maneno yaleyale ukayaandika kwenye ukurasa bila mtani wake, yanabaki tusi, na msomaji wa Kinshasa au wa Muscat atayasoma kama maelezo ya kweli ya tabia za watu. Kwa hiyo majina ya utani msiyafute, ni sehemu ya historia ya soka letu, lakini yaandikwe daima pamoja na mtani: "mashabiki wa Simba huwaita mashabiki wa Yanga Utopolo", na "mashabiki wa Yanga huwaita mashabiki wa Simba Makolo". Na angalieni msichanganye jina la timu na sifa ya mashabiki. Namungo ya Ruangwa, iliyopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2019/20 na msimu uliofuata ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, inaitwa Wauaji wa Kusini. Ndanda ya hapa kwetu tumeizoea kwa Wana Kuchele. Hayo ni majina ya timu na mahali pake ni aya ya kwanza ya ukurasa. Mkiliweka la Namungo kwenye sehemu ya mashabiki, mtakuwa mmewafanyia watu wa Ruangwa jambo lisilo jema hata kidogo.

Kuhusu makundi yenu matatu. Wanaotaka kufuta yote nawaelewa, kwani wamechoka, lakini watafuta na ile ngoma. Wanaosema kufuta ni kuziba midomo wanasahau kwamba wiki si baraza la kila mtu kusema lake. Wikipedia, ambayo ilianza Januari 2001 na ikapata toleo la Kiswahili mwaka 2003, imesimama juu ya kanuni za kuandika bila upendeleo na kuandika yanayoweza kuthibitishwa, na imetenga ukurasa wa majadiliano kwa ajili ya sauti hizo. Wanaopendekeza ukurasa wa pembeni wana hoja, ila wameiga nusu. TV Tropes, iliyoanza 2004, kweli hutenga mambo ya maoni mahali pake. Lakini pia hukataa mfano usiokuwa na maelezo, na ina sehemu maalumu ya kujadili na kukarabati maingizo ambayo watu wanayatumia kwa maana zisizolingana, na huko huanza kwa kukagua jinsi ingizo linavyotumika kwenye kurasa nyingine. Mkichukua ukurasa wa pembeni mkaacha ukaguzi, mtakuwa mmehamisha jalala kutoka ua wa mbele kwenda ua wa nyuma. Na mwambieni mwenzenu aliyetafsiri asichapishe kwanza: maandishi ya TV Tropes yako chini ya leseni inayokataza matumizi ya kibiashara, na tafsiri nayo inafuata leseni ya asili, kwa hiyo kama wiki yenu inabeba matangazo, au leseni yenu ni ile huria inayotumiwa na Wikipedia, hayawezi kuchanganywa. Andikeni maana yenu wenyewe. Nimewapa ya kuanzia, ipingeni na kuiboresha.

Namna ya kwenda ni hii. Msianze kufuta. Chukueni maingizo 50 kutoka kurasa tofauti, bila kuchagua yale mabaya tu, myasome wawili wawili, na kila moja mliandikie pembeni: ni sifa, ni tukio, ni utamaduni wa mashabiki, ni utani, au ni tusi. Pale ambapo wasomaji wawili hawakukubaliana ndipo maana yenu ina tundu, nanyi mzibe tundu hilo kabla ya kuendelea. Kisha tangazeni kwenye ukurasa wa majadiliano mnachokusudia na siku mtakayoanza, ili aliye na gazeti la zamani nyumbani apate muda wa kulileta. Matusi yaondoke mara moja, lakini ingizo linaloonekana kweli na lililokosa chanzo liwekewe alama ya kudai chanzo na lipewe muda. Mnapohamisha matini kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, andikeni kwenye muhtasari wa uhariri imetoka wapi, maana hiyo ni haki ya walioiandika. Na shabiki akirudisha alichoandika, msishindane naye kurudisha matoleo. Wikipedia ya Kiingereza imeweka mpaka wa mara 3 ndani ya saa 24, na anayeuvuka anaweza kuzuiwa kuhariri; nyinyi mnaweza kuweka wa mara moja, kisha kila mtu aende kwenye majadiliano. Kura msiifanye kimbilio. Mashabiki wa timu kubwa watakuwa wengi kila siku, na wingi wao hauwezi kuthibitisha kwamba wa timu ndogo ni walevi.

SWALI

Mwanangu mwandishi, hujambo? Mimi ni mzazi, nimestaafu. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu ukurasa mmoja unaozungumzia mashabiki wa msanii, na humo wamemtaja kijana wangu kwa majina yake mawili na mtaa tunaoishi, eti ndiye kiongozi wa wanaotukana watu. Kijana wangu ni fundi wa pikipiki na shabiki kama wengine. Mjukuu amefuta sentensi hiyo, lakini anasema bado inaonekana mahali fulani. Tufanye nini?

Mama, Mtanda, Lindi

JIBU

Shikamoo, mama. Pole sana, na mjukuu wako amefanya vema. Anachokiona ni historia ya ukurasa: wiki huhifadhi kila toleo lililowahi kuwapo, kwa hiyo sentensi iliyofutwa kwenye ukurasa wa mbele bado inasomeka kwa anayefungua historia. Mhariri wa kawaida hawezi kuiondoa huko, lakini wasimamizi wa wiki, ambao kwenye Wikipedia ya Kiswahili huitwa wakabidhi, wana uwezo wa kulificha toleo hilo lisisomwe na umma. Mwambie mjukuu amwandikie msimamizi kwa njia ya faragha, si kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa sababu akiandika pale atakuwa amelitangaza jina upya. Ataje anwani ya ukurasa, tarehe na saa ya toleo, na aseme kwamba limetaja mtu binafsi na makazi yake. Hana haja ya kuthibitisha kwamba maneno yale ni ya uongo. Inatosha kwamba kijana ni mtu binafsi. Ukurasa ukikwisha kusafishwa, anaweza pia kuomba mtambo wa kutafutia usasishe nakala yake ya zamani.

Jambo hili wenzetu walilijua kwa maumivu. Mwaka 2005 ukurasa wa Wikipedia wa mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, ulikaa kwa zaidi ya miezi 4 ukiwa na uongo uliomhusisha na mauaji ya John na Robert Kennedy, na baada ya hapo Wikipedia ikaweka kanuni kali kuhusu habari za watu walio hai: jambo la kumchafua mtu lisilo na chanzo madhubuti huondolewa mara moja bila kusubiri mjadala. Hapa nchini zipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Natumaini hamtafika huko, lakini msimamizi akikaa kimya, ni haki yenu kuuliza kwa wanaohusika.

Na wahariri wangu wa Mtwara wasome barua ya mama huyu kabla ya kukaa kwenye kikao chao. Hakuna sifa ya mashabiki inayohitaji jina la fundi wa pikipiki.

SWALI

Mwalimu, katika wiki tunayoiandika tunatumia sana maneno "siku hizi", "hivi karibuni" na "kwa sasa" tunapoeleza mabadiliko ya mashabiki. Mwenzangu anasema yanaharibu ukurasa. Mimi naona ni Kiswahili safi tu.

Msomaji, Nachingwea

JIBU

Kiswahili chake ni safi, ndugu yangu, na kwenye barua au redioni hayana ubaya. Kwenye wiki yanaharibika kwa sababu sentensi haina tarehe ya kuzaliwa. Anayesoma "siku hizi wamebadilika" leo hawezi kujua kama iliandikwa juzi au miaka 10 iliyopita, isipokuwa akachimbe historia ya ukurasa. Badala yake andika "tangu msimu wa 2021/22", au "kufikia Juni 2024", kulingana na chanzo chako. Ukiona huwezi kuweka mwaka, huenda hujui mabadiliko hayo yalianza lini, na hapo ndipo pa kutafuta kabla ya kuandika. Mwenzako yuko sahihi. Anzeni na kurasa za timu, maana huko wachezaji na makocha hubadilika kila dirisha la usajili, na "kwa sasa" nyingi zitakuwa zimekwisha kupitwa na wakati.